Ukoo wa Gundi

Kama ungetaka kujua ni idara gani iliyopendwa kuliko zote katika kiwanda kile cha viatu, ungesimama tu kwenye korido ukatega sikio. Walikokata ngozi kulikuwa kimya, watu wakiogopa kujikata vidole. Walikoshona kulikuwa na kelele za cherehani. Lakini kutoka chumba cha mwisho, kile ambacho madirisha yake yalipigiliwa misumari ili vumbi lisinase kwenye gundi, vilitoka vicheko. Vicheko asubuhi, vicheko mchana, vicheko hata siku ambayo mshahara umechelewa. Wanawake wa humo walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na brashi yake na kopo lake la gundi. Walipaka soli, wakapaka kiatu, wakangoja kidogo, wakabandika, wakagonga kwa nyundo ya mpira, na wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Walicheka nini, hakuna aliyejua. Kiatu cha kushoto kikikutanishwa kwa bahati mbaya na kingine cha kushoto, chumba kizima kilishika mbavu.

Humo ndimo alimofanya kazi Mama Soli.

Jina hilo alipewa kiwandani, likamfuata mpaka nyumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na kwa asili hakuwa mtu wa kucheka. Mama yake mzazi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa amenuna, mkunga akaomba radhi. Lakini tangu alipohamishiwa chumba cha gundi, alirudi nyumbani kila jioni akiimba. Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole aliyeoa akijua vizuri kwamba ameoa uso wa kazi, mwanzoni alishangaa, kisha akazoea, kisha akanogewa. Akajifunza majira ya mkewe kama mkulima anavyojifunza mvua: jioni ni asali, ukikaribia wakati wa kulala kichwa kinaanza kumgonga, na siku za mapumziko ni ndimu tupu. Likizo ya mwaka ilikuwa balaa. Mwaka mmoja fundi baiskeli alikwenda mwenyewe kiwandani, kofia mkononi, kumwomba msimamizi amrudishe mkewe kazini kabla likizo haijaisha.

"Kwani anaumwa?" msimamizi akauliza.

"Haumwi, bosi. Amekuwa yeye mwenyewe."

Meneja alikipenda sana chumba kile. Kila alipopata wageni aliwaleta mlangoni, akafungua, akasema, "Hawa ndio wafanyakazi wenye furaha kuliko wote," na wageni wakapiga makofi. Hata mkaguzi wa usalama kazini, mtu aliyekuja na ndita usoni tayari kugomba, aliingia humo akaanza kuuliza habari za madirisha, na kabla hajamaliza swali alikuwa ameshika kiatu cha mtoto, anakitazama, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Akaaga akisema mambo ni mazuri. Njiani kichwa kilimuuma, akalaumu jua.

Watu wa idara nyingine walifanya fitina ili wahamishiwe huko. Mlinzi wa usiku, mtu mpweke aliyetoka mbali, alikuwa akiingiza kiti chake humo zamu nzima, kwa maneno yake, kwa sababu usingizi wa chumba kile ulikuwa na sinema. Kulikuwa na paka pia, aliyeletwa kukamata panya. Alilala juu ya rafu ya makopo ya gundi, akishuka alitembea upande upande kama kaa, na panya walipita mbele yake bila haraka.

Jirani wa Mama Soli kwenye benchi alikuwa Kengele. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu ya kicheko chake, kilichoanza polepole kisha kikalia mfululizo mpaka utafute cha kukiziba. Urafiki wao ulikuwa wa miaka. Kijana wa Mama Soli, aliyerithi spana za baba yake, alikutana na binti wa Kengele, mshonaji wa sare za shule, kwenye geti la kiwanda siku ya mvua, kila mmoja amemletea mama yake mwavuli. Mvua ikaacha, wao hawakuondoka. Posa ikapelekwa, posa ikakubaliwa, na siku ya harusi ikapangwa. Tangu hapo wale wanawake wawili waliitana mkwe.

"Mkwe wangu, nipe brashi."

"Chukua, mkwe, lakini usinipakie mwanangu gundi, nataka mjukuu atakayetembea."

Basi wakacheka, kama ilivyokuwa desturi.

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Mama Soli aligonga paja kwenye kona ya meza, mguso tu wa kawaida, na kesho yake paja likawa na baka jeusi kama sahani. Akipiga mswaki, fizi zilitoka damu. Ngazi za kwenda stoo, ambazo zamani alizipanda akiwa na maboksi kichwani, sasa zilimkalisha chini katikati. Alidhani ni uzee. Kengele naye alianza kukonda na kupata homa zisizoisha. Na katika chumba kile kulikuwa tayari na nafasi mbili kwenye mabenchi ambazo wenyewe hawakurudi: mmoja alizikwa, mwingine alipelekwa kwao na habari zake zikakatika.

Halafu siku moja Kengele alitokwa damu puani, mbubujiko wa ghafla, ikamwagikia kiatu cheupe alichokuwa amekishika.

"Hicho kimeshakuwa cha bibi harusi!" mtu akasema, na chumba kikaangua kicheko. Kengele mwenyewe alicheka, kichwa amekiinamisha, damu inapita kati ya vidole. Mama Soli alisimama kumshika mwenzake, na kilichomtia hofu, alipokuja kukifikiria baadaye, si ile damu. Ni kwamba alijua kabisa jambo lile halichekeshi, akataka kuacha kucheka, akashindwa.

Kiwanda kilikuwa na daktari wake. Alikaa kwenye chumba kidogo karibu na stoo, akawa na dawa mbili: kidonge cha kichwa, na ushauri wa kunywa maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayejua kiti anachokalia ni cha nani. Safari hii aliona maji yamezidi unga, akapeleka damu za wagonjwa maabara ya nje. Majibu yakarudi: Kengele ana saratani ya damu. Mama Soli na wanawake wengine wawili damu zao zimeharibika, hazitoshi, kila kilichotakiwa kuwamo kiko nusu. Daktari akakaa nayo majibu yale mpaka jasho likamtoka, akaenda kwa meneja, akarudi na jina la ugonjwa: ni wa kurithi.

Afisa utumishi ndiye aliyewaita. Alikuwa kijana wa tai, mwenye adabu ile ya kukufanya uangalie kama pochi yako ipo.

"Kina mama, shikamooni. Karibuni mkae. Kwanza kabisa, hongereni."

"Hongera ya nini, mwanangu?" Kengele akauliza. Alikuwa ameziba pua kwa pamba.

"Imegundulika kwamba nyinyi ni ndugu."

Wakatazamana. Afisa akaendelea, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. Ugonjwa wao ni wa damu. Magonjwa ya damu hupita katika ukoo. Wao wote wanaumwa. Kwa hiyo wao wote ni ukoo mmoja. Kiwanda kinawapa pole, na kinafurahi kuwa sababu ya ndugu waliopoteana kukutana tena.

"Mimi kwetu na kwao huyu ni safari ya siku mbili," Kengele akasema.

"Ndiyo maana mlikuwa hamjuani."

"Na undugu wenyewe unapitia wapi?" akauliza Mama Soli, ambaye nje ya chumba cha gundi hakuwa na mzaha.

Afisa akageuza kiti chake. Wamelifikiria hilo, akasema. Kati ya wazazi wa wagonjwa, mwenye umri unaofaa zaidi ni marehemu baba yake Mama Soli. "Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka."

"Naam. Basi alikutana na watu wengi."

Wakatoka. Kwenye korido Kengele akamshika mwenzake mkono. "Dada," akasema, kwa utani.

"Usiniite dada," Mama Soli akajibu. "Mwanangu anamuoa mwanao."

Hapo ndipo wote wawili wakasimama ghafla, maana walikuwa hawajaliona.

Aliyeliona upesi kuliko wote alikuwa kaka mkubwa wa fundi baiskeli, baba mkubwa wa bwana harusi. Mtu huyu alikuwa amepinga harusi zote za ukoo wao, ya kwake mwenyewe ikiwamo. Habari ilipomfikia alivaa koti, akaja, akakaa, akakataa chai.

"Shemeji," akamwambia Mama Soli, "damu ni damu. Watoto wa dada wawili ni ndugu. Harusi isimame."

"Shemeji, hata na wewe unaamini hayo?"

"Mimi siamini wala sikatai. Lakini kama kiwanda kizima, chenye ofisi na mihuri, kimesema nyinyi ni ndugu, mimi ni nani nimkabidhi kijana dada yake?"

Kijana alikuwa nje, anazungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, analizungusha tu, hata tairi hakuna. Binti wa Kengele alituma ujumbe kuuliza amwite vipi kuanzia leo. Kijana akaandika, akafuta, kwa sababu kila jibu lilikuwa na kosa ndani yake.

Ukoo ukaendelea kukua. Mlinzi wa usiku alianguka getini, akapimwa, akakutwa damu yake nayo imeharibika. Afisa utumishi hakubabaika. Alimwita, akampa hongera, akamwelekeza kwa Mama Soli. Jioni moja mlinzi akabisha hodi na mfuko wa sukari mkononi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa.

"Shikamoo, dada yangu," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Miaka yote hii tunasalimiana getini, kumbe ni mtu na dada yake!"

Mama Soli alitaka kumweleza, badala yake akamkaribisha ndani. Mtu huyu alikuwa amefiwa na wazazi angali mdogo, hakuoa, hakuwa na mtu. Alikaa kwenye kochi lao kama anaogopa litamfukuza. Akauliza marehemu baba alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alifariki kwa nini. Kisha akaomba, kwa sauti ya chini, kama kuna picha yake hata ndogo, akaibandike chumbani kwake.

"Mpe," fundi baiskeli akamnong'oneza mkewe. "Sisi tunazo mbili."

Picha moja ikatolewa, ingawa kulikuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo ambaye hakutaka itoke. Mama yake Mama Soli, ambaye wote walimwita Bibi, aliishi chumba cha nyuma. Alikuwa amekula chumvi nyingi, miguu imechoka, masikio mazima. Alisikia kwamba mume wake, aliyemlilia na kumzika, ana watoto kila kona ya dunia. Hakupiga kelele. Aliacha kula kwa hasira, akawa anaisemesha ile picha iliyobaki ukutani: "Wewe? Wewe huyuhuyu? Kwa miguu gani?"

Wakati huo Kengele alizidiwa, akapelekwa hospitali kubwa, na Mama Soli akafuatana naye. Daktari wa damu alikuwa mwanamke wa makamo anayevaa kandambili wodini kwa sababu ya maumivu ya visigino. Alisoma majibu ya Kengele, kisha akamtazama Mama Soli aliyemsindikiza, akatazama mabaka mikononi mwake, akanusa. Akainuka akafungua dirisha.

"Mnafanya kazi gani nyinyi?"

Lilikuwa swali dogo. Tangu mambo yaanze waliulizwa majina ya mababu, makabila, mirathi, na kama kuna pacha katika familia. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Wakamweleza: brashi, kopo, madirisha yaliyopigiliwa, vicheko. Walipofika kwenye vicheko, daktari alivua miwani.

"Hicho si kicheko, mama. Huo ni ulevi," akasema. "Gundi za namna hiyo huyeyushwa kwa dawa kali, na nyingine zina kitu kinaitwa benzeni. Ukiivuta, kwanza inakulewesha: unacheka, kisha kichwa kinauma. Ukiivuta miaka, inakwenda kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na inaharibu kiwanda cha damu chenyewe. Wengine damu inapungua, wengine wanapata saratani. Si kila mtu. Lakini kadiri unavyoivuta zaidi, ndivyo hatari inavyopanda."

"Mbona hatuisikii tena harufu yenyewe?" Kengele akauliza kutoka kitandani.

"Pua huzoea ikanyamaza. Mifupa haizoei."

Mama Soli alikuwa amekunja mikono. Daktari alingoja aulize kama atapona, kwa sababu hilo ndilo watu huuliza.

"Kwa hiyo sisi si ndugu?" Mama Soli akasema.

"Ndugu wa nani?"

"Mimi na huyu. Ninauliza kama watoto wetu wanaweza kuoana."

"Mama, mimi ni daktari wa damu."

"Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Ikabidi aelezwe yote, na daktari yule akasikiliza habari za afisa utumishi, za baba mkubwa na za mlinzi na picha. Mara mbili alifunika mdomo. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba Kengele analazwa leo hiihii, na kwamba Mama Soli asikanyage tena chumba kile, hata kwa kuchukua kandambili alizoziacha. Akikaa mbali, damu yake huenda ikainuka. Akirudi, hatamwahidi lolote.

Mama Soli alitoka akakaa kwenye benchi la nje, kati ya watu waliobeba bahasha za picha za eksirei. Alijaribu kukumbuka jambo moja lililomchekesha kweli katika miaka yote ile ya benchi la gundi, jambo lenye kichwa na miguu. Hakulipata. Akamkumbuka yule aliyezikwa, jinsi walivyosimama kaburini na harufu ya gundi bado iko kwenye nguo zao, na mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Hasira ikampanda polepole, hasira safi, yake mwenyewe, haikutoka kwenye kopo.

Alirudi nyumbani akasema, "Tunakwenda kiwandani. Wote."

"Na mimi," Bibi akasema kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa ameshavaa viatu.

Walikwenda kama msafara wa posa: Mama Soli na mumewe, kijana na mchumba wake wakitembea mbalimbali kwa tahadhari, dada wa Kengele, mlinzi katika shati lake la pasi, na baba mkubwa, aliyefuata ili ahakikishe hakuna linaloamuliwa kwa furaha. Daktari wa damu alikuja siku yake ya mapumziko, naye amemvuta mkaguzi wa usalama kazini. Meneja aliona ofisi imejaa, akaagiza viti. Msimamizi akasimama mlangoni.

Bibi hakukaa.

"Nani hapa amesema mume wangu ana watoto?"

"Shikamoo, Bibi," afisa utumishi akasema.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Bibi, hakuna anayemsema marehemu vibaya. Ni sayansi tu."

"Sayansi ndiye nani? Aje naye."

Bibi akaegemea meza ya meneja kwa mikono miwili.

"Mume wangu ninamjua mimi. Alikuwa mvivu wa kuvuka barabara! Chumvi ikiisha, na duka liko ng'ambo, tulikula bila chumvi. Maisha yake yote alipanda basi mara moja, akatapika, akashuka, akarudi kwa miguu. Leo unaniambia alikwenda safari ya siku mbili kumzaa Kengele, akarudi, na mimi niko hapohapo naangalia sufuria? Na huyu mlinzi, kwao hata lugha ni nyingine! Alimzaa kwa lugha gani?"

"Huenda," afisa akasema, akitazama tai yake, "huenda marehemu alisafiri bila kumwambia Bibi."

Wakati huohuo, kwenye korido, akapita paka. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamempukutika, alikuwa amekonda kama pembe ya meza, na alikuwa akielekea kushoto ingawa uso wake ulikuwa umeelekea mbele.

"Na huyo ana nini?" Bibi akauliza.

"Huyo ni wa chumba cha gundi, Bibi," msimamizi akajibu, bila kufikiri. "Naye anaumwa. Daktari wa mifugo amesema damu yake imeharibika."

Bibi akamtazama paka. Akamtazama afisa utumishi. Akamtazama tena paka, kwa muda mrefu, kama anayetafuta sura.

"Na paka naye ni wa mume wangu?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mkaguzi. Akafuata msimamizi, akafuata dada wa Kengele, meneja akajifanya anakohoa, na afisa utumishi mwenyewe akauma midomo mpaka ikamshinda. Mama Soli alicheka. Alicheka ofisini, madirisha wazi, hewa safi, kicheko kikavu cha kukwaruza kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Fundi baiskeli akageuka kumwangalia. Hicho hakuwahi kukisikia.

Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa akipima. "Mlinzi ningempokea," akasema mwisho. "Paka sipokei. Harusi iendelee."

Baada ya hapo daktari wa damu alichukua nafasi. Aliwataka waende kwenye chumba cha gundi, lakini mkaguzi alipotaka kuingia alimzuia kwa mkono. "Wewe ulishaingia. Safari hii kaa nje, utazame kupitia dirisha."

Mkaguzi akabandika uso kwenye kioo. Aliona wanawake wanne wamemzunguka mwenzao aliyeshika soli. Soli tu, haina lolote. Walikuwa wakiicheka mpaka mmoja anajipigapiga kifuani kutafuta pumzi, na mwingine, akiwa bado anacheka, akijifuta damu kwenye fizi kwa kona ya kitenge. Mkaguzi akatoa uso kwenye kioo. "Toeni watu," akasema. "Toeni watu sasa hivi."

Alirudi na barakoa nzito na kifaa cha kupimia hewa, na kifaa kikalia tangu mlangoni. Misumari ikang'olewa. Gundi ile ikapigwa marufuku kiwandani hapo, ikaletwa nyingine isiyo na benzeni, ambayo ilikauka kwa kudengua. Viatu vya msimu ule viliachia soli barabarani, wateja wakarudi wakiburuta miguu. Yakafungwa mafeni ya kuvuta hewa nje, wafanyakazi wakapewa barakoa, na kila baada ya muda damu zao zikapimwa. Kiwanda kilikataa kugharimia matibabu, kikakubali, kikakataa tena, kisha kikaamriwa. Daktari wa kiwanda alikuja kwa Mama Soli siku moja, akasimama uani kidogo, akaondoka. Afisa utumishi alihamishiwa idara ya masoko.

Na chumba cha gundi kikawa kimya kama chumba cha mtihani. Meneja aliingiwa na wasiwasi. Wageni walipofunguliwa mlango waliona wanawake wenye barakoa wanaobandika soli kwa umakini, wakauliza kuna msiba gani. Basi akaajiri mchekeshaji. Kijana yule alisimama mbele ya mabenchi na kipaza sauti kuwasimulia vichekesho, nao wakamsikiliza kwa heshima, mpaka mmoja wao akamwomba asogee kidogo, anaziba feni. Alidumu muda mfupi.

Mlinzi ndiye aliyepokea vibaya habari za uboho. Alirudisha picha, ameifunga kwa karatasi vizuri. Bibi aliipokea, akaifungua, akaitazama, akampa tena.

"Kaa nayo," akamwambia. "Yeye hakukuzaa, lakini angependa mtoto wa kumtuma ng'ambo ya barabara."

Harusi ilifanyika. Kengele aliruhusiwa kutoka hospitali kwa siku hiyo, kichwa kitupu chini ya kilemba, barakoa usoni, amekalishwa karibu na mlango ili apate hewa na asibanwe na watu. Watu walipokuja kumpa mkono, Mama Soli aliwazuia wote, akawa anapokea yeye mikono na kumpelekea salamu kwa mdomo. Baba mkubwa alisimama kutoa neno, akasema hana pingamizi, na kwa mshtuko wa kusikia maneno hayo kinywani mwake akakaa chini. Hapo Kengele alicheka, kile kicheko chake cha kuanza polepole. Hakikufika mbali, pumzi ikaisha. Lakini binti yake alikisikia kutoka kwenye kiti cha bibi harusi, akageuza kichwa.

Dawa zilijitahidi, zikashindwa. Kengele alifariki kabla mwaka haujaisha. Mama Soli ndiye aliyemwosha, pamoja na dada wa Kengele, na watu walipomuuliza yeye ni nani wa marehemu, alisema ni nduguye, na hakueleza zaidi.

Damu yake yeye ilipanda kwa uvivu. Daktari hakumficha kwamba hatari haijaondoka, kwamba itabidi apimwe maisha yake yote. Hakurudi kiwandani. Alibaki nyumbani na uso wake wa asili, na fundi baiskeli, aliyeishi miaka na mke wa jioni, ikambidi aanze upya na huyu wa mchana kutwa. Walinuniana sana. Wakazoeana.

Siku hizi, daktari wa damu akisikia kuna mahali watu wanavuta hewa ya gundi kazini, humtuma Mama Soli akazungumze nao. Majuzi alikwenda kwenye karakana ya magodoro mtaa wa nyuma ya soko. Wanawake walikuwa ndani wakibandika sponji, mlango umerudishwa, na kutoka ndani kulikuwa na vicheko. Mwenye karakana akamkaribisha kwa bashasha, akamvutia kiti.

"Siingii," Mama Soli akasema. "Nyinyi tokeni."

"Mama, kwani kuna ubaya gani? Karibu ndani tuzungumze, nje kuna jua."

"Jua ninaliweza."

Akageuza ndoo kando ya ukuta, akaketi, akaweka mkoba magotini. Ndani wakanong'ona, wakacheka tena, mtu akasema mama wa watu ana kiburi. Baada ya muda mmoja akatoka akijifuta mikono, kisha mwingine, wakasimama mbele yake wakipepesa macho. Wa tatu alipaza sauti kwamba anakuja, amalizie kwanza godoro alilonalo.

"Godoro litakungoja," Mama Soli akamwita. "Njoo."